Kansa ya ukoo? Tuongee taratibu kuhusu jeni za kurithi na uvimbe wa mapafu wa watoto

Huku kwetu Mtwara mtoto mdogo akikutwa na uvimbe kwenye mapafu, kabla hata majibu ya kinyama kilichokatwa kwenda kupimwa hayajarudi kutoka Dar, mtaa ushapata majibu yake. Wa kwanza atasema ni sigara za baba. Wa pili atasema ni salfa, ile dawa inayopuliziwa mikorosho. Wa tatu, huyu wa kisasa kidogo manake anashinda kwenye magrupu ya WhatsApp, atasema ile kansa ni ya ukoo, iko kwenye damu yao, msioe pale. Alafu wa nne hasemi kitu, anaguna tu na kuangalia pembeni, na wote mnajua anamaanisha mkono wa mtu.

Huyo wa tatu ndo kanifanya niandike, kwa sababu hajakosea moja kwa moja. Upo kweli uvimbe wa mapafu wa watoto, wa nadra sana, ambao mara nyingi nyuma yake kuna jeni iliyorithiwa. Ila kutoka hapo mpaka kufika kwenye "msioe pale" kuna mambo mengi kayaruka, na hayo aliyoyaruka ndo yanayoweza kumsaidia mtoto.

Tuanze chini kabisa. Mwili umejengwa na seli, vitu vidogo ambavyo bila hadubini huvioni. Ndani ya karibu kila seli kuna maelekezo ya kujenga na kuendesha mwili mzima, yameandikwa kwa kemikali inaitwa DNA, na kipande cha hayo maelekezo chenye kazi yake maalum ndo tunakiita jeni. Binadamu ana jeni kama elfu 20 hivi, na karibu zote anazo nakala mbili mbili, moja katoka nayo kwa mama na moja kwa baba. Hiyo mbili mbili ikumbuke, tutairudia sana.

Sasa maandishi ya jeni yanaweza kubadilika, herufi moja ikaingia mahali pa nyingine, au kipande kikakatika. Hayo ndo mabadiliko ya jeni yanayotajwa kila siku kwenye habari za kansa. Mengi hayana madhara yoyote, wewe unayesoma hapa unayo kibao na umelala vizuri tu jana. Machache yanaharibu kazi ya jeni husika.

Na hapa ndo watu wengi wanapochanganya, kwahiyo niende polepole. Kuna mabadiliko ambayo mtu anazaliwa nayo, yalikuwepo kwenye yai la mama au mbegu ya baba, kwahiyo yako kwenye kila seli ya mwili wake, kuanzia damu mpaka kucha, na anaweza kumpa mtoto wake. Alafu kuna mabadiliko yanayotokea baadaye, ukubwani au hata tumboni, kwenye seli moja tu ya sehemu moja ya mwili, labda kwa moshi wa sigara, labda kwa makosa ya kawaida seli ikiwa inajigawa. Haya ya pili hayarithiwi. Mtu aliyevuta sigara miaka 40 mapafu yake yakapata kansa, jeni za kwenye ule uvimbe zimeharibika kweli kweli, lakini hawezi kumpa mwanae ule uharibifu, hauko kwenye mbegu zake.

Kansa nyingi sana za mapafu kwa watu wazima ni za aina hii ya pili. Utasikia mgonjwa kaambiwa kansa yako ina mabadiliko kwenye jeni ya EGFR, hasa wale ambao hawajawahi hata kushika sigara, basi ndugu wanaruka, wanataka wapimwe wote mpaka wajukuu. Karibu mara zote hayo mabadiliko yako kwenye uvimbe peke yake, na daktari kayatafuta ili achague dawa, manake kuna vidonge vinavyolenga EGFR hiyo hiyo. Zipo familia chache duniani ambazo wamezaliwa na EGFR iliyobadilika, na ipo jeni nyingine inaitwa TP53 ambayo ikiharibika tangu kuzaliwa familia moja inapata kansa za kila namna, lakini hizo ni za kuhesabu.

Watoto ni habari nyingine.

Kwanza ujue kwamba uvimbe wa kansa kwenye mapafu ya mtoto mara nyingi umehamia pale kutoka kwingine, kwa mfano kwenye figo au kwenye mfupa. Kansa iliyoanzia kwenye pafu lenyewe kwa mtoto ni kitu adimu sana. Kati ya hizo adimu, inayoongoza kwa wadogo inaitwa pleuropulmonari blastoma, jina refu la kuchosha, sisi tutaiita PPB kama madaktari wanavyoiita. Ilielezwa kama ugonjwa wa peke yake mwaka 1988 na madaktari wa Minnesota, Marekani, na huko huko wakaanzisha daftari la kimataifa la kukusanya wagonjwa wa dunia nzima. Ripoti yao kubwa ya 2015 ilikuwa na wagonjwa 350 tu waliothibitishwa. Dunia nzima hiyo, miaka karibu 30. Kwahiyo mtu akikwambia huu ugonjwa umejaa kwenye ukoo fulani hapa Masasi muulize kauona wapi.

PPB inaanza mtoto akiwa mdogo sana, wakati mapafu bado yanajengwa, na inakwenda kwa hatua. Mwanzoni inakuwa ni vifuko vya hewa ndani ya pafu, vimekaa kama vifuko vya kuzaliwa navyo visivyo na shida. Hii ni aina ya I, nusu ya watoto wake wanagundulika kabla ya kufika miezi 8 hivi. Vile vifuko vikiachwa, baadhi (sio vyote) kuta zake zinaota nyama, inakuwa mchanganyiko wa vifuko na nyama, aina ya II, na hapo mtoto anakaribia miaka 3. Ikiendelea inakuwa bonge la nyama tupu, aina ya III, mtoto ana miaka 3 na ushee. Baada ya miaka 7 ni nadra mno kuiona.

Kwanini nazitaja hizi aina? Kwa sababu ya namba zinazofuata, kwenye ripoti ile ile. Miaka 5 baada ya kugundulika, watoto wa aina ya I waliokuwa hai ni kama 91 kati ya 100. Aina ya II 71. Aina ya III 53. Ugonjwa ni ule ule mmoja, tofauti kubwa ni ulikamatwa lini. Tena kuna vifuko ambavyo haviendelei kabisa, vinabaki hivyo hivyo au vinanywea, na watoto wote 100 kati ya 100 wa kundi hilo walikuwa hai. Wapo mpaka watu wazima wanaokutwa na vifuko vya zamani kwenye pafu wakiwa wamepigwa picha kwa jambo lingine kabisa.

Sasa ile jeni. Mwaka 2009 timu ya watafiti wa Marekani walichukua familia ambazo PPB ilitokea zaidi ya mara moja, wakapekua, wakakuta jeni moja imeharibika, inaitwa DICER1, iko kwenye kromosomu ya 14 (kromosomu ni mafungu ya DNA ndani ya seli). Tangu hapo imeonekana kwamba kama theluthi mbili ya watoto wenye PPB wamezaliwa na nakala moja mbovu ya DICER1. Wengi wao wameitoa kwa mzazi mmojawapo, na wachache imeanzia kwao, yani baba hana, mama hana, kosa limetokea kwenye yai au mbegu au mwanzoni mwa mimba.

DICER1 inafanya nini? Inatengeneza kifaa cha kukata. Ndani ya seli kuna nyuzi zilizojikunja za RNA, kemikali inayofanana na DNA, na hicho kifaa kinazikata kupata vipande vifupi vya herufi kama 22, vinaitwa maikro-RNA, ambavyo kazi yake ni kuzishusha sauti jeni nyingine, wewe punguza, wewe nyamaza, pafu lishatosha hapa. Waliogundua maikro-RNA, Victor Ambros na Gary Ruvkun, ndo walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2024, na waliigundua kwa kumchunguza mnyoo mdogo ambao ukiuweka kwenye kiganja hutouona vizuri.

Wachukue kina mama wanaobangua korosho na zile mashine za kukanyaga kwa mguu. Korosho inakaa katikati ya visu viwili, unakanyaga, ganda linapasuka pande zote mbili, punje inatoka nzima. Kila seli yako ina wabanguaji wawili wa namna hiyo, nakala ya mama na nakala ya baba. Mtoto aliyezaliwa na DICER1 moja mbovu ni kama kikundi ambacho mama mmoja hajaja kazini tangu siku ya kwanza. Kazi inakwenda tu, huyo mmoja aliyebaki anatosha, na ndo maana mtoto anazaliwa mzima na anaweza kuishi mpaka uzee asijue chochote. Tatizo linakuja pale kwenye seli moja ya pafu linalokua yule aliyebaki naye anapata hitilafu, na hitilafu yenyewe ni ya ajabu kidogo, hafi, anaendelea kukanyaga mashine ila kisu kimoja kimekuwa butu. Upande mmoja unakatika, wa pili haukatiki. Punje za upande ule hazitoki. Kwenye seli manake ni kwamba kundi zima la maikro-RNA halipatikani, zile jeni zilizotakiwa kunyamazishwa zinaendelea kupiga kelele, seli inaendelea kujigawa kama vile pafu bado ni la mimba changa.

Kwahiyo ni mambo mawili, la kwanza limerithiwa, la pili limetokea pale pale kwenye pafu kwa bahati mbaya. Wazo hili la hatua mbili sio jipya, Alfred Knudson aliliandika 1971 akichunguza kansa ya jicho ya watoto, ile ambayo mboni inang'aa nyeupe ukiipiga picha kwa flashi. Na ndo jibu la swali ambalo watu wanauliza kila siku, mbona mapacha au ndugu wa baba mmoja mama mmoja wote wana jeni ile lakini kaumwa mmoja? Kwa sababu kinachorithiwa ni ule mwanzo tu. Uvimbe wenyewe haurithiwi.

Niseme sasa jinsi inavyorithiwa, manake hapa ugomvi wa ndoa unaanzia.

Wengi tunaijua sikoseli, Tanzania ni moja ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye sikoseli duniani, na elimu yake imeshafika mpaka klinik za vijijini, kwamba mtoto anaumwa akipata nakala mbovu kwa baba NA kwa mama. Basi watu wanachukua hesabu hiyo wanaibandika kwenye kila ugonjwa wa kurithi. DICER1 haiendi hivyo. Nakala moja mbovu kutoka kwa mzazi mmoja inatosha kumweka mtoto kwenye hatari. Mzazi mwenye nayo, kila mimba ina nusu kwa nusu, 50 kwa 100, na kila mimba inaanza upya, sio kwamba wa kwanza akishachukua basi wa pili kapona. Unaweza kuzaa wanne wote wakapata, unaweza kuzaa wanne asipate hata mmoja. Na mtoto ambaye hajapata hawezi kuwapa watoto wake kitu ambacho hana, kwake habari imeisha.

Kwahiyo lile katazo la kuoa binamu, ambalo kwa sikoseli lina maana kidogo kwa sababu binamu mnaweza kuwa mmebeba kitu kile kile kutoka kwa babu mmoja, kwa DICER1 halibadilishi sana hesabu. Ungeoa binamu au ungeoa mtu wa Kagera, kama wewe unayo ni nusu kwa nusu.

Alafu kuna hili la upande wa mama. Sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, asili yetu tunahesabu ukoo kwa mama, mjomba ndo mwenye sauti, mtoto ni wa kina mama. Kwenye urithi wa shamba la mikorosho na majina sawa, kila familia inajua inavyofanya siku hizi. Ila nimeona watu wanapeleka hesabu hiyo hospitali, daktari anauliza kwenu kuna mtu aliwahi kuumwa hivi, mtu anataja wajomba na mama wadogo tu, upande wa baba anauacha kabisa kwa sababu kwake wale "sio ukoo". Jeni hazijui mila. Nusu imetoka kwa baba, na DICER1 mbovu inaweza kutoka kwa baba sawa sawa na kwa mama, ikamfikia mtoto wa kiume sawa sawa na wa kike. Kwahiyo ukiulizwa taja na mashangazi.

Na lile la "inaruka kizazi"? Hairuki. Bibi anayo haumwi, mama anayo haumwi, mjukuu anapata uvimbe, mtaa unasema imeruka. Imepita humo humo kimya kimya. Wengi wenye DICER1 mbovu hawapati uvimbe mkubwa wowote maishani. Utafiti wa Marekani uliotoka 2019 uliangalia wale waliokutwa nayo kwa sababu tu ndugu yao aliumwa, na mpaka kufika miaka 10 waliokuwa wamepata uvimbe walikuwa kama 5 kati ya 100, mpaka miaka 50 kama 19. Yani hata ukifika miaka 50 nayo, karibu watu 80 kati ya 100 hawajapata. Na hao ndo watu ambao mtaa unasema "msioe pale".

Lakini kimya sio kimya kabisa, ukijua pa kuangalia. DICER1 inagusa sehemu nyingine pia. Kwenye figo za watoto wadogo inaleta uvimbe wa vifuko vifuko. Kwenye ovari za wasichana inaleta uvimbe ambao baadhi yake unatengeneza homoni za kiume, binti anakata hedhi, sauti inakuwa nzito, ndevu zinaota, na unajua mwenyewe binti wa miaka 15 akiota ndevu kijijini anapelekwa wapi kwanza. Sio zahanati. Huyo binti anahitaji altrasaundi ya tumbo, tena mapema, manake uvimbe huo ukikamatwa ukiwa ndani ya ovari tu unatibika vizuri sana.

Na kubwa zaidi ni goita. Kwenye familia za DICER1 zilizochunguzwa, wanawake wenye hiyo jeni waliofika miaka 40 kama 75 kati ya 100 walikuwa na goita ya mabonge mabonge au washafanyiwa upasuaji wa tezi, wanaume kama 17. Sasa msikimbie. Goita ya huku kwetu mara nyingi ni habari ya madini joto, na sisi chumvi tunaichota wenyewe pwani, kuanzia Kilwa mpaka mashamba ya chumvi ya Lindi na Mtwara, na chumvi ya kupimiwa kwa kopo sokoni sio yote imewekewa madini joto. Bibi yako kuwa na goita peke yake haisemi chochote kuhusu DICER1. Inaanza kusema kitu pale kwenye familia hiyo hiyo kuna goita za mapema, alafu kuna mtoto alikuwa na vifuko kwenye pafu, alafu kuna binti alitolewa ovari. Hapo ndo daktari anaweka kalamu chini na kuuliza upya.

Tuje hospitali, manake huko ndo mtoto anapopotezea mda. PPB haiji na dalili yake peke yake. Mtoto anakohoa, anapumua kwa shida, homa, anakonda, kifua upande mmoja hakiingizi hewa. Hizo ni dalili za nimonia na za TB, na ukweli ni kwamba kati ya watoto wenye dalili hizo wanaopita hospitali zetu za Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, karibu wote wana nimonia au TB kweli. Daktari akianza na antibaiotiki hajakosea, akianzisha dozi ya TB kwa sababu zake hajakosea. Shida ni dozi ikaisha, mtoto hajabadilika, na mzazi anaambiwa au anajiambia mwenyewe tusubiri tu. Mtoto ambaye nimonia yake inarudi upande ule ule kila mara, au eksirei baada ya matibabu bado ina weupe ule ule au bonge lile lile, anatakiwa aangaliwe tena, ikibidi kwa CT, ile picha ya kompyuta inayoonyesha ndani zaidi ya eksirei. Na mtoto wa chini ya miaka 2 ambaye ghafla hewa imevuja nje ya pafu bila kuanguka wala kugongwa, au ana vifuko kwenye mapafu yote mawili, hao wataalamu wanawaza PPB mapema.

Kuthibitisha ni mpaka kichukuliwe kinyama, na wakati mwingine kile kifuko chote kinatolewa ndo kinapimwa. Na hapa kuna ule msemo kwamba kansa ikiguswa na chuma inasambaa, umeua watu huu. Upasuaji ndo tiba ya kwanza ya PPB. Aina ya I wengine wanapona kwa upasuaji peke yake, wengine wanaongezewa kemo, yani dawa za kuua seli za kansa. Aina ya II na III ni upasuaji na kemo kali, wakati mwingine na mionzi, na madaktari wanaangalia na ubongo manake aina hizi zinapenda kuhamia huko. Watu wanaona mtu alipasuliwa akafa wanasema kisu ndo kilichoichokoza, kumbe alifika ikiwa imeshaenea. Kwa huku kusini safari yenyewe ni ndefu, hospitali ya kanda pale Mitengo imesogeza mambo kidogo lakini kansa ya mtoto mara nyingi itakupeleka Muhimbili, na barabara yetu tunaijua, mvua za 2024 zilipokata pale Somanga watu walikaa njiani na wagonjwa wao. Ila ukifika, pale Muhimbili lipo shirika la Tumaini la Maisha linalosaidia watoto wenye kansa wapate matibabu bila familia kulipia, hilo wazazi wengi hawalijui, wanauza shamba kwanza au wanabaki nyumbani wakihesabu hela ambayo hawana.

Majibu yakisema PPB, swali linalofuata ni la ndugu zake. Kipimo cha DICER1 kinafanywa kwa damu au mate, hakipo zahanati ya Nanyamba wala Ruangwa, sampuli inasafiri, na sio kila familia itakipata. Kikipatikana, anapimwa kwanza mtoto mwenyewe. Akikutwa nayo wanapimwa wazazi, alafu ndugu zake, wakianza na wadogo. Ambaye hana anaachwa acheze, hana haja ya kupigwa mieksirei kila mwaka kwa sababu ya woga wa ukoo. Mwenye nayo akiwa bado mchanga anafuatiliwa: eksirei ya kifua akizaliwa na kila miezi 4 mpaka 6 hadi afike miaka 8, CT ya kwanza akiwa na miezi 3 mpaka 6 kutafuta vile vifuko vikiwa bado aina ya I, na altrasaundi ya tumbo. Lengo ni kumkamata kwenye ile 91 kati ya 100 ya aina ya I, asisubiriwe kwenye 53 ya aina ya III. Na kama kipimo cha jeni kimeshindikana kabisa, mdogo wake aliyezaliwa juzi bado anaweza kupigwa picha ya kifua, hiyo ipo hospitali ya wilaya.

Nirudi kwa wale wa sigara na salfa. Sigara inaua, moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha unaharibu vifua vya kina mama na watoto kila siku, na salfa tunayopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe, inawasha macho na kukereketa koo na kumsumbua mwenye pumu, avae barakoa anayepuliza na watoto wakae mbali. Hayo yote ni kweli na yana sababu zake. Lakini PPB haikuletwa na hayo. Haikuletwa na kitu mama alichokula akiwa mjamzito, wala kunyanyua ndoo, wala kupita karibu na shamba linapopulizwa. Nasema hivi kwa sababu nimeona mama anavyokalishwa kikao, wakwe upande huu, mawifi upande huu, ulifanya nini mimba ikiwa changa. Hakufanya kitu. Na haiambukizi, mtoto anaweza kulala na wenzake mkeka mmoja na kunywa kikombe kimoja nao.

Limebaki swali la mtu mzima aliyepimwa kwa sababu ya mwanae akakutwa nayo. PPB yeye ishampita zamani. Anapigwa picha ya kifua mara moja kuona kama ana vifuko vya zamani, anaangaliwa tezi ya shingo kwa altrasaundi kila baada ya miaka kadhaa, na mwanamke anaangaliwa ovari mara kwa mara mpaka angalau miaka 40. Wakitaka mtoto mwingine wazae, ila wamwambie daktari wa klinik mapema, kwa sababu vifuko vikubwa vinaweza kuonekana kwa altrasaundi mimba ikiwa na miezi 7 kwenda juu, na hapo mnapanga azaliwe wapi, kwenye hospitali yenye uwezo wa kumpiga picha kichanga na kumsaidia kupumua, sio nyumbani wala zahanati ambayo gari la wagonjwa linatoka wilayani.